Makaa ya Mashua za Litein

Jumatano moja saa nane mchana, Aron Kipkirui alikuwa ameinama akiziba nyufa za mashua ya saba kwa pamba na lami, katika karakana ya Kimotho nje kidogo ya Litein. Ziwa halionekani kutoka Litein hata ukipanda paa la kanisa. Kimotho alijenga hapo kwa sababu mbao ziko karibu, na mashua zilizokamilika zilipakiwa kwenye lori zikateremshwa hadi Homa Bay. Watu walikwisha kuzoea kuchuma chai huku mashua zikipita barabarani.

Saa nane na nusu, waya uliovutwa kwa njia ya mkato kutoka nguzo ya umeme ulitoa cheche juu ya rundo la maranda. Kufikia saa kumi hapakuwa na mashua hata moja. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo watu walimshukuru Mungu. Aron alikuwa amemwambia Kimotho mara tatu kuhusu ule waya.

Ijumaa akaja Ogeto, mkaguzi wa bima, na fomu yake. Alizungumza na Kimotho saa nzima na Aron dakika mbili, akaandika kwamba moto uliletwa na sigara ya fundi. Aron hajawahi kuvuta sigara; hata moshi wa jikoni humtoa machozi. Ripoti ikawafikia wanunuzi kule ziwani, na simu yake ikanyamaza. Ilimuuma sana. Miaka kumi na tisa ya kuunda mashua ilikuwa imefutwa na mstari mmoja, naye alitaka mstari huo tu ufutwe.

Sasa, kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, husuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, ili maziwa yakae bila kuharibika na yapate ile rangi ya majivu. Mwaka huo senetwet zote za kando ya barabara zilikuwa zimeng'olewa na tingatinga. Rodah, mke wa Aron, si mtu wa kuona kitu kikipotea bure. Alienda karakana akajaza gunia makaa ya mashua. Majirani walipomwona wakaleta magunia yao. Wazee wangewakataza, lakini hakuna aliyewauliza.

Siku ya tano Aron alikunywa kikombe kimoja cha mursik ya makaa hayo, akainuka kitini, akaendelea kuinuka mpaka kichwa kikagusa dari. Rodah alimwambia avue viatu asichafue ukuta. Kabla ya wiki kwisha, kijiji kizima kilikuwa kikielea, wengi wao futi moja tu. Monicah, jirani yao, alilalamika kwamba sasa lazima ainame zaidi kuifikia chai, ingawa alikiri kuwa tope halimsumbui tena.

Binti yao Fancy alipofaulu mtihani, walifanya shukrani nyumbani. Kimotho alialikwa, maana jirani ni jirani. Alikunywa vikombe vitatu vya mursik na viatu vyake vikabaki kwenye tope. Si kwamba ni mzito. Kimotho ni mwembamba kama fito.

"Mbao zinajua nani alizichoma," Monicah alisema, akimpitishia chapati.

Kimotho alichukua mbili. Ogeto, ambaye Aron alimwita makusudi, alikuwa akielea karibu na mlango na sahani ya wali.

"Umejionea mwenyewe," Aron akamwambia. "Hiyo ripoti utabadilisha?"

"Nimeona. Lakini hii kitu nitaandika wapi? Fomu iko na sigara, jiko na radi."

"Na waya?"

"Waya haiko."

Mwezi wa sita karakana ilifunguliwa tena na fundi mwingine. Aron, ambaye huelea juu kuliko wote, alikuwa akichuma avokado bila ngazi alipouona waya ukining'inia kutoka nguzo ile ile, na maranda mapya chini yake. Akasogea mpaka juu ya karakana.

"Mzee, hiyo waya iko uchi tena."

Kimotho alikinga macho kwa mkono, akatazama juu. "Nimesikia, fundi. Tutaangalia." Ndivyo alivyojibu zile mara tatu.

Hata hivyo, Aron anaishi vizuri. Jioni hupanda juu kupita hata paa la kanisa, na kutoka hapo ziwa linaonekana lote. Huzitambua mashua zake kwa jinsi zinavyokaa majini, na moyo wake hufurahi kweli. Ugali ukiiva, Rodah humvuta chini kwa kamba ya ng'ombe.

"Makaa imebaki robo gunia," Aron alimwambia jioni moja akinawa mikono. "Itatufikisha lini?"

"Usijali, Baba Fancy. Kwa Kimotho mashua zimefika nne, na waya ni ile ile."

Kisha akatoka nje, akaanika magunia mawili matupu juu ya ua.