Mapazia ya Bi Saa

Mkataba wake ulisema nusu siku, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, na chini yake kulikuwa na muhuri. Lakini miguu ya Mama Mkasi haikuwa na habari na muhuri. Miguu ilijua tu kwamba ikishaingia duka la vitambaa asubuhi, itatoka jua likiwa limechoka, nayo imevimba hadi viatu vimegoma.

Waliomwita Mama Mkasi ni wafanyakazi wenzake, kwa kuwa kwa miaka tisa hakuna kitambaa kilichokatwa pale dukani bila kupita mezani kwake. Msimamizi wao walimwita Bi Saa, ila si mbele yake. Siku aliyopewa usimamizi, jambo la kwanza alilofanya ni kuishusha saa ya ukutani na kuipeleka ofisini kwake, akidai inawatoa watu mawazo. Tangu hapo muda ukawa mali yake. Akisema bado, ni bado. Mikoba na simu za wafanyakazi zilifungiwa kabatini, ufunguo akautia mfukoni. Halafu akaondoa viti.

"Mteja akikukuta umekaa," alisema, "atadhani amekuja kumwona mgonjwa."

Kila mtu alitafuta njia yake ya kustahimili. Shemeji, mwanamume wa stoo aliyeitwa hivyo kwa sababu aliwaita wanawake wote shemeji, alijificha nyuma ya majora ya shuka na kukalia jora la chini kabisa. Mama Mkasi hakuwa na pa kujificha, meza yake ilikuwa katikati ya duka. Yeye aliegemeza nyonga mezani, akabadilisha mguu kila alipohisi saa moja imepita, na kila alipobadilisha mguu alisali kimoyomoyo. Aliwaombea watoto wake, akamwombea mumewe kifua kipone, akaliombea darasa lake la jioni. Mwisho alimwombea Bi Saa, na hiyo haikuwa sala ya kumtakia heri.

"Mungu wangu," alisema huku mkasi unatembea, "sikuombi afe. Nakuomba aaibike. Na unijalie niwepo nione."

Chuki hiyo ilikuwa na tarehe yake. Mama Mkasi aliacha shule akiwa na miaka kumi na miwili, na alipofika arobaini na tatu aliamua kurudi. Alisoma jioni, miguu ikiwa ndani ya ndoo ya maji ya uvuguvugu, binti yake wa mwisho akimsahihishia. Masomo yote aliyafaulu isipokuwa moja, hisabati, na mtihani wake ulikuja mara moja tu kwa mwaka. Ukiupita, unapata cheti cha kumaliza shule ya msingi.

Mwaka uliopita aliomba ruhusa mwezi mzima kabla. Bi Saa alikubali. Siku ilipofika, saa saba mchana, Bi Saa alitoka kwenda saluni kusuka nywele na ufunguo wa kabati ukiwa mfukoni mwake. Ndani ya kabati kulikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba kulikuwa na kadi ya mtihani. Bila kadi huingii. Mama Mkasi alisubiri mlangoni, amevua aproni, mpaka Bi Saa akarudi na kichwa kipya. Alikimbia njia nzima. Alipofika, mwalimu alikuwa anakusanya karatasi.

Kesho yake Bi Saa alimuuliza mbele ya wateja, "Mwanafunzi, vipi, umekuwa wa ngapi?"

Akacheka, na wateja wawili wakacheka naye. Mama Mkasi alikata kitambaa alichokuwa anakata, akakikunja, akakitia kwenye mfuko. Kisha alikwenda chooni, akafunga mlango, akamwambia Mungu kwamba hili hatalisamehe, na kwamba analisema mapema ili wasije wakalaumiana.

Sasa mwaka ulikuwa umezunguka. Mtihani uliangukia Jumamosi, saa tisa alasiri. Jioni ya kuamkia siku hiyo binti yake alimpa maswali ya sehemu, akampokonya daftari.

"Mama, umeandika jibu bila njia."

"Jibu si sahihi?"

"Sahihi. Lakini mwalimu anataka kuona umepitia wapi."

"Huyo mwalimu wenu mbea," alisema Mama Mkasi, lakini akaandika njia.

Asubuhi aliichukua kadi ya mtihani, akaifunga kwenye karatasi ya nailoni na kuipachika kwa pini ndani ya blauzi. Kabatini hatailaza tena. Kuondoka bila ruhusa hakukuwezekana, maana hiyo ingekuwa kuacha kazi, na mume alikuwa bado anakohoa. Alichokuwa nacho ni ahadi ya Bi Saa kwamba atamwachia saa saba.

Saa saba ilipita. Alijua imepita kwa sababu mteja mmoja alimtajia. Alikwenda kwenye mlango wa ofisi mara moja, akaambiwa asubiri. Alikwenda mara ya pili, akaambiwa ana pupa. Mara ya tatu hakwenda, Bi Saa alimjia mwenyewe mezani akiwa ameshika kikaratasi cha vipimo.

"Saa nane sasa hivi," alisema Bi Saa. "Nina wageni kesho, mawifi zangu wanakuja kuiona nyumba mpya. Nataka mapazia ya sebuleni. Madirisha manne, kila dirisha vipande viwili, kila kipande mita tatu. Ile rangi ya damu ya mzee. Ukimaliza kukata, nenda zako kwenye mtihani wako."

"Majora ya rangi hiyo yapo mawili, Bi. Twende mlangoni ukayaone kwenye jua."

Hiyo ilikuwa sheria ya duka, na Mama Mkasi aliisema kama inavyosemwa kwa kila mteja. Kitambaa hutiwa rangi kwa mafungu, na fungu moja halifanani kabisa na jingine. Chini ya taa za tyubu za duka huoni tofauti hata ukikodoa macho. Kwenye mwanga wa mchana inajionyesha. Ndiyo maana kila jora lina namba ya rangi kwenye pindo, na mteja akichanganyiwa majora mawili lazima kwanza apelekwe mlangoni akubali mwenyewe. Bi Saa alikuwa msimamizi wa miaka minne na hakuwahi kusoma namba hata moja.

"Mlangoni kufanya nini? Damu ya mzee ni damu ya mzee. Mimi sina muda wa kuzurura. Kata."

"Basi nitaandika kwamba hukwenda kuona."

"Andika hata shairi."

Mama Mkasi alichukua karatasi ya kukatia, ile inayoandikwa vipimo na kutiwa sahihi na mteja. Zamani alikuwa anachora alama tu, na Shemeji anamwandikia. Sasa aliandika mwenyewe, polepole, herufi zikiwa zimekaa sawa kwenye mstari: *Mteja ameambiwa aone majora mawili mlangoni. Amekataa.* Bi Saa alitia sahihi bila kuinamisha kichwa, akarudi ofisini.

Hapo ndipo hesabu ya kweli ilipoanza. Jora jipya lilikuwa pale pale nyuma ya meza, mita thelathini, halijaguswa. Mita ishirini na nne zingetoka ndani yake bila shida, rangi moja mwanzo hadi mwisho. Robo saa tu. Kutoka dukani hadi shuleni ni dakika arobaini kwa miguu. Angefika mapema, akakaa, akafuta jasho, akasali.

Jora la zamani lilikuwa stoo, chini ya mengine, na lilikuwa limebaki mita kumi na mbili na kitu. Kulitoa, kulifungua, kupima hili na lile kwa zamu, kungemla zaidi ya nusu saa. Angechelewa mtihani kwa dakika kumi na tano, labda zaidi. Mwalimu alishasema ukichelewa unaingia, ila muda hauongezwi.

Alisimama na mkasi mkononi. Alisema, "Mungu, kama hutaki, nizuie." Alihesabu hadi kumi, polepole, kwa haki. Hakuna kilichomzuia. Akaenda stoo.

"Shemeji, nitolee lile jora la zamani la damu ya mzee."

Shemeji aliinuka kutoka kwenye shuka zake. "La zamani? Jipya si linatosha?"

"Linatosha."

"Sasa?"

"Nitolee."

Shemeji alimtazama, akatazama upande wa ofisi, akarudi kumtazama. "Shemeji yangu," alisema kwa sauti ya chini, "wewe ni mtu wa sala."

"Ndiyo. Na nimesali."

Hakuuliza tena. Walihamisha majora sita, wakalitoa lile la saba, wakalibeba hadi mezani kama wanabeba mgonjwa. Mama Mkasi alipima mita tatu kutoka la zamani, akakata. Akapima mita tatu kutoka jipya, akakata, akakiweka juu ya kile cha kwanza. Cha zamani, kipya, cha zamani, kipya. Vipande vinane vilivyopandana, ili fundi atakayevichukua viwili viwili ampe kila dirisha ndugu wawili wasiofanana. Hakuharakisha. Hajawahi kukata kwa unyoofu kama siku ile.

Kisha alikimbia.

Alifika saa tisa na dakika ishirini. Mwalimu alimwonyesha kiti. Kiti kilimshangaza mwili, kwa muda alibaki amekaa tu. Halafu akaanza. Aliandika majibu na njia zake. Kengele ilipolia, swali la mwisho lilikuwa halijaguswa. Lilihusu kugawa kitambaa cha mita kumi na tano na nusu. Angelijibu usingizini.

Jumatatu asubuhi Bi Saa aliingia amekumbatia furushi. Nyuma yake aliingia tajiri, mwenye duka, ambaye kwa kawaida huonekana mara moja kwa mwezi. Bi Saa alilimwaga furushi mlangoni, kwenye jua. Hapo hata mtoto angeona. Nusu ya vipande vilikuwa na wekundu mzito wa ini. Nusu nyingine ilielekea kahawia, kama matope ya matofali.

"Huyu amenihujumu, tajiri. Nyumba imejaa watu, wifi yangu mkubwa anasimama katikati ya sebule ananiuliza, 'Wifi, mapazia yako yamegombana?' Wakacheka mpaka wanaondoka. Wamepiga picha."

Tajiri aliomba karatasi ya kukatia. Aliisoma. Akaisoma tena akiwa amevaa miwani.

"Sahihi hii ya nani?"

Bi Saa aliinama, akaanza kukunja kipande kimoja.

"Uliambiwa uje mlangoni?"

"Tajiri, mimi nilikuwa na kazi nyingi."

"Na nani aliweka tangazo kwamba kitambaa kikishakatwa hakirudi?"

Lilikuwa ukutani, pale ilipokuwa saa, na sahihi ya Bi Saa chini yake. Tajiri alimrudishia karatasi Mama Mkasi, akasema mwandiko wake ni mzuri, akaondoka. Mawifi walikuwa wamecheka Jumapili. Leo Shemeji alikuwa anacheka stoo, na wasichana wawili wa kaunta walikuwa wameinamia droo kana kwamba wamepoteza kitu humo ndani.

Bi Saa alimsogelea Mama Mkasi, karibu sana.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mimi nimekukosea nini?"

Mama Mkasi alitafuta usoni mwake dalili ya uongo, hakuiona. Mwanamke huyu hakuwa anakumbuka. Siku ile ya saluni, mlango, ufunguo, kicheko, vyote vilikuwa vimemtoka kichwani kama nywele zile zilivyofumuliwa. Mwaka mzima Mama Mkasi alikuwa amebeba mzigo, na mwenye mzigo hakujua hata kama alimtwisha mtu. Hilo lilimuuma kuliko swali lililobaki wazi kwenye karatasi ya mtihani.

"Kajiulize ukiwa saluni," alisema.

Kulikuwa na dawa, na ilikuwa rahisi mno. Vipande vilikuwa vinne vya rangi moja na vinne vya nyingine. Kuviondoa tu na kuvipanga upya, cha ini na cha ini, cha matope na cha matope, kila dirisha lingefanana ndani yake, na wageni wangedhani ndivyo alivyopanga mwenye nyumba. Kazi ya kiti na dakika ishirini. Bi Saa hakuliona hilo. Aliondoka akiapa atayakata mapazia hayo kuwa matambara ya kudekia, na wiki zilizofuata hakuyakata, maana kitambaa kilikuwa ghali. Aliyaacha yaning'inie vile vile.

Kila asubuhi Mama Mkasi alipopiga magoti, dawa ile ilimjia kabla ya amina. Mwambie. Alijaribu kuombea mambo mengine, ikarudi. Mwishowe akaweka ahadi kwa sauti, ili isisemwe baadaye kwamba hakueleweka.

"Mungu, nikifaulu mtihani huu, nitamwambia. Nisipofaulu, usinisumbue tena juu ya mapazia ya watu."

Matokeo yalibandikwa siku ya Alhamisi asubuhi. Binti yake alikwenda kuyatazama, akaja mbio hadi dukani, akasimama mlangoni akionyesha vidole viwili. Amepita kwa alama mbili tu juu ya kiwango. Mama Mkasi aliinamia meza, akafunika uso kwa kitambaa alichokuwa anakipima, na mteja akamwacha alie.

Alipomaliza alijifuta, akanyoosha aproni, akaelekea ofisini. Ahadi ni ahadi. Mlango ulikuwa wazi. Bi Saa alikuwa amekaa chini ya saa yake, akipaka mafuta mikononi. Ilikuwa saa saba kamili.

"Bi, nina neno moja nataka kukuambia."

"Neno lako lisubiri," alisema Bi Saa bila kuinua macho. "Leo utakaa mpaka saa kumi na moja. Na kesho pia. Nimesikia umefaulu, kwa hiyo huna tena kisingizio cha shule."

Mdomo wa Mama Mkasi ulikuwa umeshafunguka, maneno yakiwa tayari kwenye ulimi, yamepangika vizuri, cha ini na cha ini. Akaufunga.

"Ndiyo, Bi," alisema.

Alirudi mezani kwake, akaegemeza nyonga, akahamishia uzito mguu wa kushoto. "Wewe umesikia," alimwambia Mungu. "Nilikwenda. Yeye ndiye aliyekataa tena." Kisha akamwita mteja aliyefuata.