Mkono Uliolazwa kwa Kubembelezwa

Jumatatu moja asubuhi, mwaka wa pili wa Uhuru, Mwanarusi wa Bongwe alikula sahani nzima ya muhogo wa nazi kisha akapanda lori kwenda hospitali. Kwao mtu haendi mbele ya kisu cha daktari na tumbo tupu. Kisu cha kuchania miyaa, majani ya mkindu ya kusukia, kilikuwa kimemkata kano ya gumba la kulia, na msusi wa mikeka asiye na gumba hushindwa hata kuanza ukili, ule utepe wa kushonea mkeka.

"Umekula?" daktari aliuliza.

"Alhamdulillahi, nimeshiba."

Daktari akavua miwani. Aliyeshiba halazwi mwili mzima kwa dawa ya usingizi. Chakula huweza kumpalia usingizini. Na kano ikingoja, itajivuta isiunganike tena. Ilibaki sindano ya kwapani, inayolaza mkono peke yake.

"Hiyo ni ya wodi ya daraja la kwanza," nesi Kadzo alisema, akilitazama kabati la chuma la dawa. Ufunguo alikuwa nao bwana mkubwa wa hospitali. Bendera ilikuwa imebadilishwa. Kufuli lilikuwa lile lile.

"Basi nitaulaza mwenyewe," Mwanarusi akasema.

"Utaulazaje, mama?"

"Nimelaza watoto saba, mwanangu. Huu niliozaliwa nao utanishinda?"

Akaupakata mkono, akaubembeleza kwa Kidigo, akiupigapiga polepole. Vidole vikapiga miayo kimoja kimoja, gumba likiwa la mwisho kwa ukaidi. Kisha mkono ukakoroma.

Daktari akauchoma kwa pini. "Umelala," akasema, akaenda kunawa.

Mwanarusi alikaa macho, akiutazama mshono.

"Hapo umeruka, bwana daktari. Rudi nyuma."

Daktari akarudi nyuma, maana kweli alikuwa ameruka.

Adhuhuri mkono uliamka, ukajinyoosha. Kwenye daftari, mahali pa aina ya dawa, Kadzo aliandika: *Amebembelezwa.*

Kidonda kilipopona, gumba lilikunjika. Wagonjwa wa mikono wakaja kutoka Kikoneni hadi Mkwiro, wakimwulizia Mwanarusi, naye akawalazia. Ndipo bwana mkubwa alipomwandikia barua ya shukrani yenye mhuri: kwa kuwa mikono ya daraja la tatu hulala bila dawa, kabati litaendelea kufungwa.

Mwanarusi alisomewa barua mara mbili. Kisha akaichana nyembamba kama miyaa, akaisukia katikati ya mkeka, bila kuruka hata mara moja, akaukalia.