Mhadhiri wa Tano

Wahadhiri wanne hawakutosha. Habari yote ni hiyo, na mwenye haraka anaweza kuishia hapa akaendelea na shughuli zake. Tume ya vyuo vikuu ilishaandika, bila masihara, kwamba idara ya ufamasia lazima iwe na wahadhiri watano wenye shahada ya uzamivu. Wakipungua, hakuna ithibati. Bila ithibati baraza la wafamasia halikufanyishi mtihani wake, na shahada uliyoihangaikia miaka minne unaweza kuifungia karanga.

Chuo kilikuwa kimeanguka mara mbili. Mara ya kwanza maabara haikuwa na maji, mara ya pili vitabu vilikuwa vichache. Barua ya tatu haikuzunguka: huu ndio ukaguzi wa mwisho, mkianguka idara inafungwa, na Umoja wa Vyuo Vikuu vya Kanda, uliokwisha kuwasimamisha uanachama, utawafuta kabisa. Mwaka wa nne walikuwa wanafunzi arobaini na mmoja. Walikuwa wamebakiza miezi mitatu tu.

Barua ile iliangukia mezani kwa ofisa wa udhibiti ubora, mwanamke ambaye chuo kizima kilimwita Mama Faili, kwa sababu hajawahi kuonekana bila faili kwapani. Wenye midomo walisema hata msalani huingia nalo. Aliisoma barua mara moja, akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, akairudisha machoni, na barua ikawa ile ile. Kati ya wale arobaini na mmoja, mmoja alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee. Na mhadhiri wa tano, aliyekuwa anakosekana, alikuwa mume wake.

Dokta alikuwa amefariki miezi saba kabla. Presha ilimwangusha Jumanne, Alhamisi wakamzika. Kazi yake ilitangazwa mara mbili na hakuna aliyejitokeza. Wenye uzamivu wa dawa hawaokotwi barabarani.

Wiki tatu kabla ya ukaguzi, Naibu Mkuu wa Chuo alimwita ofisini. Huyu naye alikuwa na jina lake la pembeni, Bwana Inawezekana, maana hujapata kumsikia akisema vingine. Alikuwa rafiki wa marehemu tangu ujana, kwa hiyo mlango ulipofungwa hakumwita ofisa.

"Shemeji," alisema, "orodha ya wahadhiri umeshaipeleka?"

"Bado. Nitapeleka wanne, nitaandika na barua ya kuomba muda."

"Muda hawatoi. Sasa sikia, shemeji. Hakuna anayekuambia udanganye. Wewe usimwondoe tu. Wasifu wake upo, vyeti vyake vipo, mkataba wake haujaisha. Muache palepale alipo."

"Alipo ni kaburini, shemeji."

Alitoka akaubamiza mlango mpaka katibu muhtasi akaruka kwenye kiti. Alikwenda mpaka getini, amekasirika, anaongea peke yake njia nzima. Hapo getini akamwona binti yake amekaa kwenye benchi na daftari mapajani, midomo inacheza, anakariri majina ya dawa. Tangu msiba mtoto yule alikuwa amekonda, hali vizuri, halali vizuri. Kilichomshikilia ni kitabu tu. Angeambiwa hata hicho kimekwenda na maji angefanya nini? Mama Faili alirudi ofisini. Mbele ya jina la mume wake akaandika: *Yuko nje ya kituo kwa utafiti.* Akapiga muhuri. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na hakumwambia binti yake neno.

Vingine vyote alivifanya kwa haki. Kuna vyuo huazima vitabu siku ya ukaguzi na kuvirudisha kesho yake. Yeye vyake vilikuwa vyake, na muhuri ndani. Maji yalitoka. Mizani za maabara zilipima sawasawa. Hata wanafunzi wa kuhojiwa aliwaandaa: wanane wa mwaka wa kwanza, watoto waliofika chuoni baada ya msiba, wasiomjua Dokta wala sura yake. Alidhani hapo ameziba kila tundu.

Wakaguzi walikuja watatu, Jumatatu saa tatu asubuhi. Mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja profesa, mwembamba, mpole, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha umsogelee. Watu wa namna hiyo ndio wa kuogopa. Alifungua vitabu akatazama mihuri, akafungua bomba akanawa mikono. Kisha akaketi na mafaili ya wahadhiri, na la tano akalisoma kwa muda mrefu kuliko yote.

"Huyu bwana ameandika vitu vizuri," alisema. "Yuko wapi?"

"Yuko kwenye utafiti, profesa."

"Anarudi lini?"

Mama Faili alilikaza faili kwapani. Kwenye makaratasi ya kazi alitumia jina la baba yake, kwa hiyo hakuna mkaguzi aliyejua anaongea na mjane. "Hajatuambia," alisema.

Naibu akadakia haraka: "Mawasiliano huko aliko ni shida kidogo."

Profesa akaitikia kwa kichwa, akaandika. Halafu akaomba wanafunzi. Walipoletwa wale wanane wa mwaka wa kwanza, mashati yamepigwa pasi, aliwatazama akatabasamu. "Hawa wamefika juzi, wanangu hawa, wataniambia nini? Nipeni daftari la mwaka wa nne. Namba za usajili tu, majina sitaki kuyajua, ili waseme bila woga." Akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu, kila namba ya tano, anaitia alama.

Mama Faili alikuwa amesimama ng'ambo ya meza, anazisoma namba kichwa chini. Namba ya binti yake aliijua kuliko ya kitambulisho chake mwenyewe, kwa fomu alizomjazia. Kalamu ikaja, ikapita nne, ikatua juu yake.

Aliomba ruhusa. Kwenye korido akavua viatu akakimbia, mtu mzima, faili limeanguka karatasi zimetapakaa sakafuni, hakugeuka. Alimpigia binti simu, imezimwa, maana wanafunzi walikuwa kwenye mafunzo ya vitendo. Alipofika maabara, mhadhiri msaidizi alimwambia wameshaitwa. Akaona migongo yao tu, wanane, wanaingia chumba cha mikutano, na binti yake wa mwisho. "Mwanangu!" aliita. Mlango ukafungwa. Mkaguzi kijana akasimama mbele yake kwa adabu: "Samahani, mama. Wafanyakazi hawaruhusiwi hapa."

Dakika arobaini alisimama chini ya ngazi, viatu mkononi. Binti yule hakujua kusema uongo. Alipokuwa mdogo akivunja kikombe alikuwa anakuja mwenyewe na vipande. Wangemuuliza, angesema baba yangu amekufa, na basi, yamekwisha: arobaini na mmoja barabarani, mama mtu mahakamani kwa kughushi. Alijilaumu, akamlaumu Naibu, akamlaumu hata marehemu kwa kufa katikati ya muhula, kisha akamwomba radhi. Kwamba mtoto angeweza kujibu vinginevyo halikumpitia kabisa kichwani.

Saa nane mchana wakaguzi waliwaita viongozi wote ukumbini wawape matokeo ya awali. Profesa alivaa miwani.

"Tumeridhika," alisema, na Naibu akashusha pumzi kwa nguvu mpaka karatasi mbele yake ikasogea. "Na niseme kitu. Nimekagua vyuo miaka mingi, sijasikia wanafunzi wakimsifu mwalimu namna hii. Huyu Dokta aliye utafitini. Kuna binti mmoja ametueleza anavyowafundisha: kwamba kila dawa ni lazima usome lebo kwa sauti mara tatu, hata kama ni ya kichwa, na ukikosea anakohoa tu, hakugombezi, mpaka unatamani angekugombeza. Binti ameongea huku machozi yanamtoka. Mwalimu wa hivyo haachwi aende. Kwa hiyo tunapendekeza ithibati ya miaka mitano, kwa sharti moja: Dokta ndiye aongoze idara muda wote huo. Mtafuteni huko aliko, nataka barua yake ya kukubali, hata ije kwa barua pepe, yenye sahihi yake, kabla hatujaondoka jioni. Inawezekana?"

"Inawezekana," alisema Naibu.

Watu wakapiga makofi. Mama Faili alipiga na yeye, mikono tu, yeye mwenyewe hayupo.

Alimkuta binti yake nyuma ya maktaba, ameketi kwenye ukingo wa saruji, ananyonya juisi kwa mrija. Alikuwa mtulivu, na utulivu ule ulimtisha mama kuliko kilio.

"Mama, ungeniambia," alisema. "Ungeniambia tu."

"Nisamehe, mwanangu."

"Yule profesa alituuliza, mwalimu wenu wa tiba na sumu, Dokta, anawafundishaje? Anawafundishaje, mama, siyo alikuwa anawafundishaje. Wote wakageuka wakaniangalia mimi. Wote walikuja msibani, mama, wamekula kwetu, wamelia na mimi. Wakaniachia mimi niseme." Alikunja mrija. "Nikasema anafundisha vizuri. Wakaanza na wao, huyu hivi, huyu vile. Na unajua nini? Nilifurahi. Robo saa nzima nilikuwa na baba. Mpaka nikamsikia anakohoa."

Mama Faili akaanza kulia. Hakujali nani anapita. "Narudi ndani," alisema. "Namwambia yule profesa ukweli, sasa hivi. Na liwe liwalo. Nifungwe mimi."

Binti akamshika mkono, akaukaza.

"Ukisema ukweli sasa, mwongo siyo wewe peke yako. Ni mimi na wenzangu saba. Tumesaini maelezo, mama. Wametusomea na adhabu yake kabla hatujaanza: anayesema uongo mbele ya Tume anafutwa asisome chuo chochote. Wewe ulimwandika yupo. Mimi nimesema yupo. Basi yupo."

"Mwanangu, huyo ni baba yako."

"Najua ni nani."

Saa kumi jioni Naibu aliweka barua mezani, imeshachapwa, na kalamu juu yake. Hakusema shemeji, aligeukia dirishani. Mama Faili aliijua sahihi ile miaka ishirini na sita: kwenye cheti cha ndoa, kwenye ripoti za shule za mtoto. Mkono wake uliiandika bila kukosea hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma.

Ithibati ilikuja baada ya wiki sita. Umoja wa Vyuo Vikuu ukawarudishia uanachama, cheti kikatundikwa ukumbini, na jina la mkuu wa idara ya ufamasia likabandikwa mlangoni kwa herufi za shaba. Wanafunzi wakawa wanapita hapo wanapunguza sauti.

Jumamosi iliyofuata, mama na binti walikwenda kwa fundi wa mawe. Kaburi la Dokta lilikuwa bado udongo mtupu, na makaburi yale yako pembeni ya njia inayoingia chuoni, kila mgeni huyaona. Fundi alikuwa mzee mchangamfu, mavumbi meupe mpaka kwenye nyusi. Aliandika jina kwenye kijitabu chake, akalirudia herufi kwa herufi. Akaandika tarehe ya kuzaliwa.

"Haya, na ya kufariki?"

Mama Faili akafungua mdomo.

"Hiyo usiandike," alisema binti.

Fundi akacheka. "Dada, jiwe bila tarehe ya kufariki? Si watu watauliza huyu mtu amekufa au ametania?"

"Acha nafasi tu, wapo wanaojichongea jiwe wakiwa hai. Tutakuja uiandike baada ya miaka mitano."

Mzee aliacha kucheka. Alimgeukia mama, mkubwa wa pale, amsikie yeye anasemaje. Mama Faili alimtazama binti yake, uso mkavu, macho yameshafanya hesabu zake zote.

"Fanya anavyosema," alisema.

Fundi akachukua penseli, akapima kwenye jiwe nafasi ya vidole vinne, akaiacha.