Kichwa Kilichokataa Kupasuka

Katika Ukumbi ule haingii mtu anayepumua. Nasema kuingia na kukaa, juu ya nguzo, na kibao chenye jina chini yake. Wa kuingia na kutoka wapo tele, hasa wanafunzi wanaoletwa kutembezwa huku wakisukumana na kuulizana saa ya kula. Lakini wa kukaa sharti awe ametangulia mbele ya haki. Ndiyo kanuni ya kwanza ya nyumba ile, na Fundi Vichwa aliijua kuliko alivyojua kipimo cha chumvi jikoni kwake.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono mipana, maneno machache. Jina la Fundi Vichwa alibandikwa na mlinzi wa getini, naye akalikubali kwa sababu lilikuwa la kweli. Kazi yake ilikuwa kufinyanga vichwa vya washairi na wanafikra wa zama zote, kwa udongo kwanza, kisha wenzake wa chumba cha pili wanavitia kwenye kalibu na kumimina plasta. Karakana yake ilikuwa nyuma ya Ukumbi: chumba kirefu chenye madirisha ya juu, meza iliyochakaa, feni iliyolalamika mchana kutwa, na rafu zilizojaa watu wasio na mabega.

Aliwajua wote. Wa kwanza kabisa, wa enzi zisizo na karatasi, alikuwa kipofu. Huyo alitunga akitembea, na akisahau ubeti hurudi nyuma hadi pale alipoutungia, akauokota kama mtu aliyeangusha ufunguo. Fundi akampa shingo ya mtu anayesikiliza. Kando yake alikaa bibi aliyetunga akitwanga, ambaye beti zake zote zina mwendo wa mchi, akapewa taya lililokaza. Kisha kulikuwa na mpima nyota, aliyesema kwamba nyota hazijui nani anatawala, akafungiwa ndani mpaka akasahau rangi ya anga. Kwenye kibao chake wameandika kwamba alipenda upweke. Vibao havikuwa kazi ya Fundi. Waliovitunga walikaa ofisini, na walikuwa watu wenye huruma sana, maana katika vibao vyao hakuna mwenye hekima hata mmoja aliyewahi kuuawa. Wote walishikwa na maradhi.

Vichwa vile vyote vilikuwa na macho laini kama yai, hayana mboni. Desturi hiyo iliwekwa na mwalimu wake Fundi, mzee aliyemrithisha karakana. "Aliye hai mtoboe mboni," alikuwa akisema. "Aliyekufa mwache apumzike, ameona ya kutosha." Siku moja mzee huyo alifinyanga kichwa cha mkubwa mmoja, udongo ukapasuka kuanzia paji hadi kidevu, na watu wakasema amefanya makusudi. Akaitwa kwenda kueleza. Aproni yake ilibaki msumarini karibu na mlango, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuivaa wala kuitoa.

Sasa asubuhi moja Mkurugenzi wa Ukumbi akaingia karakana, ananukia manukato mlangoni kabla hajafika mezani, akaweka picha mbele ya Fundi.

"Kazi hiyo, dada yangu. Nguzo iko tayari."

Fundi akaitazama picha. Alikuwa mjomba wake. Kaka wa mama yake, tumbo moja, aliyemlea na kumsomesha, na ambaye asubuhi hiyohiyo alimwacha nyumbani anapiga mswaki uani huku akimgombeza paka wa jirani.

"Mkurugenzi, huyu ni mzima."

"Najua. Tunajiandaa tu."

"Mnajiandaa na nini?"

"Wakubwa hawapendi kuona nguzo tupu siku ya msiba." Mkurugenzi akatabasamu kana kwamba wanazungumzia harusi. "Ni heshima kubwa kwa familia. Usiniangushe."

Maneno hayo, tunajiandaa tu, Fundi alikuwa ameyasikia mara moja kabla. Aliyasikia mwaka uliopita, alipoagizwa kichwa cha Profesa, yule mwanafikra aliyewafundisha vijana kuuliza maswali na kutotosheka na jibu la kwanza. Wakati ule alifurahi. Alidhani nyumba imelegeza kanuni ili mtu aheshimiwe angali anaona. Akamfinyanga kwa bidii, akamaliza mapema, akasifiwa. Plasta haijakauka vizuri redio ikatangaza kwamba Profesa amefariki ghafla kwa maradhi ya moyo. Tangu hapo Fundi hakuwa akilala vizuri. Kila akinawa mikono alijiambia kwamba mikono ile ilifika kwa Profesa kabla ya mtoa roho.

Kosa la Mjomba lilijulikana hata na watoto. Alikuwa ametunga shairi refu la mapenzi, la mahari na machozi, ambalo hakuna aliyelikumbuka, na katikati yake akachomeka ubeti mmoja uliokimbia peke yake mitaani:

*Nyumba yetu ina paa, na ndani tunalowana;*
*fundi wake kakataa, asema maji hakuna.*

Wauza mboga waliuimba. Mafundi cherehani waliuimba. Wasichana waliruka kamba kwa ubeti huo. Wakubwa nao waliusikia, na kwa kuwa hakuna jina la mtu ndani yake, kila mmoja alijiona yeye ndiye fundi wa paa.

Fundi Vichwa alipiga hesabu yake njiani akirudi nyumbani. Wakubwa wale walipenda mambo yaende kwa mpangilio: kichwa kwanza, msiba baadaye. Basi kichwa kisipokamilika, msiba nao utangoja. Na ukingoja, Mjomba atapata nafasi ya kuvuka mpaka aende kwa dada yake, mama yake Fundi, akapumzishe ulimi.

Alimkuta anamenya chungwa.

"Mjomba, funga mizigo uende kwa mama. Wameniagiza kichwa chako."

Kisu kikasimama. Mjomba akalitazama ganda lililokuwa likining'inia, kisha akaangua kicheko.

"Mimi? Kwenye Ukumbi? Nitawekwa karibu na nani?"

"Mjomba!"

"Usiniweke na yule mpima nyota, hana mizaha. Niweke na bibi wa mchi, tutaelewana."

"Nakwambia watakuua, wewe unachagua jirani?"

"Mwanangu, mti wenye matunda ndio unaopigwa mawe." Akamkatia kipande cha chungwa. "Kesho nakuja unipime pua. Picha waliyo nayo ni ya zamani, ina nywele."

Sikio la kufa halisikii dawa, Fundi akasema moyoni, na hasira ikamkaba hadi chungwa likawa chungu. Alimpenda mzee yule kuliko mtu yeyote duniani, na wakati ule alitamani kumzaba kofi. Kumbe sifa hulevya kiasi hicho! Mtu anaitwa kaburini, yeye anauliza kama kuna kiti cha mbele.

Kweli kesho yake akaja, amevaa shati la kwendea watu, upara umepakwa mafuta unang'aa. Mlinzi alimfungulia geti kwa heshima zote. Mjomba akazunguka karakana akiwasalimu vichwa mmoja mmoja, akasimama kidogo mbele ya ile aproni msumarini, kisha akaja kukaa kwenye kigoda.

"Hii pua ya nani?" akauliza baada ya muda. "Mbona umeninyima? Ongeza, ongeza. Nilizaliwa nayo yote."

Fundi alifinyanga polepole kadiri alivyoweza. Jioni, Mjomba alipoaga na kutangulia, akafanya lile alilokusudia. Udongo wa kichwa hufunikwa kwa kitambaa kibichi kila kazi inapolala, vinginevyo hukauka upande na kupasuka. Ni kitu anachofundishwa mwanagenzi kabla hajaruhusiwa hata kushika udongo. Fundi akakiondoa kitambaa, akaigeuza feni ikipulizie kichwa usoni, akaenda zake.

Asubuhi akakuta feni imezimwa. Kitambaa kimerudi kichwani, kibichi, na udongo chini yake ni laini kama alivyouacha.

Akajishuku mwenyewe. Labda alisahau, mtu mwenye mawazo husahau. Jioni akarudia, akahakikisha kwa macho mawili. Asubuhi, kitambaa kibichi. Kuna mtu alikuwa akiingia nyuma yake, mtu anayejua udongo, anayejua alichokuwa akikifanya, na aliyekuwa akimrekebisha bila kumwambia neno. Akamwendea mlinzi.

"Nani anaingia karakana nikiondoka?"

Mlinzi akatazama viatu vyake. "Fundi, mimi kazi yangu geti. Ya ndani siyaoni."

"Ni Mkurugenzi?"

"Nimekwambia siyaoni, dada."

Siku iliyofuata alikusanya vitambaa vyote vya karakana, akavitia kwenye mfuko, akaondoka navyo. Alitembea njia nzima akigeuka nyuma. Alfajiri alipofungua mlango alisimama palepale, mkono bado umeshika kitasa. Kichwa cha Mjomba kilikuwa kimefunikwa. Kilikuwa kimefunikwa na aproni ya mwalimu wake, imelowa, inadondosha maji sakafuni, na msumari ulikuwa mtupu.

Aliuelewa ujumbe, au alidhani ameuelewa: tunakuona, na wewe pia utaitwa kwenda kueleza. Akaiondoa ile aproni. Uso wa Mjomba ukamtazama kwa macho yasiyo na mboni, pua yote, mdomo umekaa kama anataka kuchomekea neno. Haikuwahi kutoka kazi nzuri namna ile mikononi mwake, na hilo ndilo lililomtia uchungu zaidi. Akachukua nyundo ya mbao. Liwe liwalo, akasema. Akainyanyua.

"Naona umemaliza," Mkurugenzi akasema nyuma yake. Alikuja na watu wa kalibu, na wao walikuja na mkokoteni. "Hongera sana. Hii ndiyo kazi. Nilikuwa na wasiwasi nawe, sikufichi."

Fundi akaishusha nyundo, na wakakichukua.

Gari lilifika nyumbani asubuhi ya siku plasta ilipotolewa kwenye kalibu. Gari safi, watu wawili wenye adabu, walikataa hata kuketi. Walisema Mjomba anahitajika kwa mazungumzo mafupi. Alikuwa amekwisha kuvaa lile shati lake.

"Nisubirini nimuage mwanangu," akawaambia, akamvuta Fundi hadi uani, karibu na bomba.

"Ningekipasua," Fundi akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Nilikiacha wazi kila siku. Kuna mtu alikuwa anakifunika."

"Ni mimi."

Fundi akamtazama asielewe.

"Nilikuwa nikijificha kule kwenye kibanda cha chai cha jirani mpaka uondoke, kisha narudi. Mlinzi ananifungulia. Anaujua ule ubeti, mpaka na makosa yake." Mjomba akacheka kidogo, lakini macho hayakucheka. "Mara ya mwisho ukanifichia vitambaa. Mkaidi kama mama yako! Nikaona ile aproni, nikamwomba radhi mwalimu wako."

"Kwa nini, Mjomba? Mimi nilidhani unapenda sifa."

"Napenda. Lakini siyo hilo." Akamshika mabega. "Udongo ukipasuka wataniuliza mimi? Si watakuuliza wewe, kama walivyomuuliza mwalimu wako? Mimi wamekwisha kuniamulia, kichwa kiwepo kisiwepo. Wewe hawajakuamulia."

"Ungekimbia."

"Wangenikosa, wangekuja kubisha mlango wa nani?" Akampangusa shavu kwa kidole gumba. "Pua umeipatia," akasema, akaenda zake.

Fundi alibaki uani hadi sauti ya gari ilipopotea. Kisha akaenda kazini, maana hakujua pengine pa kwenda. Kichwa cheupe kilikuwa mezani, kinasubiri kusuguliwa mishono iliyoachwa na kalibu. Alikitazama mchana kutwa bila kukigusa. Alimkasirikia Mjomba kwa kumdanganya, akajikasirikia kwa kumdhania mjinga, na chini ya hasira zote mbili kulikuwa na upendo uliokosa pa kukaa. Jua lilipoanza kuteremka kwenye madirisha ya juu, akachukua patasi nyembamba, akakiinamia.

Redio ilitangaza maradhi ya moyo.

Siku ya kukizindua Ukumbi ulijaa. Wakubwa walikaa mbele, wauza mboga wakasimama nyuma. Kibao kilisema marehemu alipenda utani na familia. Mkurugenzi alihutubia kwa sauti ya mtu aliyefiwa, akashika ncha ya kitambaa, akavuta.

Kipofu, bibi wa mchi, mpima nyota, Profesa, wote walikuwa wamepumzika na macho yao laini. Katikati yao alikuwapo mmoja anayetazama. Mboni zilikuwa zimetobolewa ndani kabisa, kivuli kimekaa humo, na popote mkubwa alipohamisha kiti chake, Mjomba alikuwa akimwangalia.

Mkurugenzi alimfuata Fundi ukutani, jasho limeyashinda manukato yake. "Umefanya nini? Umesahau kanuni?"

"Sijasahau. Aliye hai mtoboe mboni."

Mlangoni, mlinzi ambaye ya ndani hakuwa akiyaona akaanza taratibu, kama mtu anayejisemea: "Nyumba yetu ina paa..." Nyuma, mwanamke mmoja akampokea. Kisha mwingine. Wale watu wawili wenye adabu wakainuka kwenye viti vyao, wakaanza kuangaza huku na huku.

Fundi Vichwa alijua Mjomba angemgombeza vibaya sana. Hakuondoka ukutani. Akaikaza kamba ya aproni ya mwalimu wake kiunoni, akasubiri kuitwa kwenda kueleza.