Mama Mlangoni

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walisema wazee. Atumani, fundi seremala wa Cibitoke, alitukana huku anacheka.

Kila mchana, wakishakula, aliwasomea mafundi wenzake riwaya moja ya zamani ya wapasua mawe. Humo waliotoka jasho ni wanaume watupu. Mwanamke alikuwa mmoja, hana hata jina: kazi yake kukaa mlangoni, kulalamika na kula jasho la mumewe. Mafundi wakamgeukia Fadhila, mke wa Atumani, wakambatiza Mama Mlangoni.

Na makochi yote ya karakana ile, aliyeyavalisha ni Fadhila huyohuyo. Apime kitambaa, akate, ashone, avute mpaka vidole vichubuke. Jina hilo alilimeza. Mzaha wa wanaume ni vumbi la mbao, alijisemea, litatua.

Mpaka siku Raihana, bintiye wa miaka saba, alipotumwa kwake.

"Mama Mlangoni, baba anataka chai."

Sindano ikamponyoka Fadhila. Akavuta kigoda mpaka mlangoni, akakaa, mikono mapajani.

"Mama Raihana, unafanya nini? Makochi ya harusi ya Gihosha wanakuja kuyachukua leo!" Atumani akamaka.

"Nalalamika."

"Apana, acha mchezo."

"Mchezo mumeanza ninyi. Mi niko kwa kazi yangu ya kitabu."

Fundi Sylvère akaokota sindano, akajaribu. Kitambaa kikakunjamana kama utumbo wa ng'ombe. Safari hii hakucheka mtu.

Gari likafika. Mama wa bibi harusi, Geneviève, akaona mbao tupu na sponji nje. "Ee Mungu wangu! Mushonaji hapa ni nani?"

Atumani akamtazama mkewe.

"Usinitazame mimi," Fadhila akasema. "Umemufundisha mutoto. Mwambie mutoto."

Atumani akachuchumaa mbele ya bintiye, mafundi wote wakisikia. "Raihana, makochi haya anashona mama yako. Sisi tunapiga misumari tu."

"Mbona kitabu kinasema anakaa?"

"Kinadanganya. Na mi nimedanganya."

Fadhila akainuka. Hasira haikuwa imemtoka hata chembe.

"Madame, rudi jioni, utayakuta tayari."

Kisha akakisukuma kigoda kwa mguu mpaka kikamgonga Atumani.

"Kaa hapo mulangoni, we. Apana, kwanza niletee chai. Ya tangawizi."