Sauti ya Rosalind Wolniak

Ijumaa moja ya Februari, kipindi cha asubuhi kilipokwisha, Rosalind Wolniak alijifuta vipodozi, akavaa buti zake za theluji, akaenda kumuaga meneja wa kituo cha runinga. Alikuwa ametangaza kipindi hicho mjini Erie, Pennsylvania, kwa miaka kumi na tisa. Mama yake, Wanda, alikuwa amepofuka tangu Oktoba, na Rosalind alitaka kwenda kukaa naye.

Meneja Dwight Haskell hakumzuia. Alifungua mkataba, akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari mmoja.

"Nenda tu, Roz. Sauti inabaki. Ulitia saini mwenyewe."

"Nilikuwa na miaka ishirini na sita, Dwight. Nani alisoma yote hayo?"

"Wakili wetu alisoma."

Rosalind alifungua kinywa amjibu, isitoke sauti hata ya kunong'ona. Dwight akamsogezea glasi ya maji, kisha akapokea simu.

Jumatatu kiti kilikaliwa na Kaylee Brandt, mwenye miaka ishirini na minne. Alichezesha midomo, na sauti ya Rosalind ikasoma habari za theluji, ajali za barabarani na namna ya kuoka keki ya tufaha. Watazamaji wawili walipiga simu. Mmoja alilalamikia rangi ya blauzi, wa pili alikuwa amekosea namba.

Wakili aliyeendewa na Rosalind alisoma mkataba mara mbili, akausifu. "Wangechukua mguu, tungekuwa na kesi," alisema.

Basi akaenda kwa mama yake. Wanda alikuwa jikoni, sauti ya runinga ikiwa juu kabisa.

"Nani huyo? Umetumwa na kanisa?"

Rosalind alimshika mkono, akamwandikia kiganjani kwa kidole, herufi moja moja: R, O, Z. Wanda akacheka.

"Acha kunitekenya! Roz si huyo hapo anaongea? Mtu hawi mahali pawili. Kaa, ila usinipigie kelele, mwanangu yuko hewani."

Rosalind alikaa. Alipika supu ya kabichi, akamwogesha mama, akamchana nywele, akamkata kucha. Wanda aliwaambia majirani kwamba kanisa limempa bubu mmoja mwenye mikono mizuri ajabu. Majirani, waliomjua Rosalind tangu utotoni, walijaribu kumweleza. Wanda aliwaambia waache kumdanganya kipofu, akaongeza sauti ya runinga.

Mwezi wa Mei kifua kilimbana. Akamwita bubu wake kitandani.

"Niandikie barua kwa mwanangu. Mwambie: Roz, njoo kabla sijaondoka. Waombe hata siku moja. Sina hasira, ila nimechoka kukusikia tu."

Rosalind aliandika kila neno. Kwa kuwa hakujua anwani nyingine ambako sauti yake ingepatikana, aliipeleka kituoni.

Alhamisi, baada ya utabiri wa hali ya hewa, sauti ilisoma salamu za watazamaji.

"Na mama yetu Wanda, hapa hapa Erie, tunakupenda sana. Endelea kututazama!"

Wanda aliinuka kwenye mto, machozi yakimtiririka. Aliupapasa mkono wa mwanamke aliyeketi pembeni, akaubana kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Umesikia, bibie? Hajanisahau."