Ndiyo Niliyompa Dada wa Takwimu

Ndoto hii nimeiota usiku wa jana, na naiandika leo hii hii kabla jua halijazama, ili mama mwenzangu akiisoma auchunge ulimi wake. Mimi si msomi, nimeishia darasa la saba. Lakini nilichokiona nimekiona.

Niliota niko kwenye mashindano ya mwanangu Mwajabu. Huyu yuko chuoni mwaka wa pili, na alishanieleza kwenye simu wanachoshindania. Wanafunzi wanapewa majibu ya watu walioulizwa nyumba kwa nyumba habari za afya, wanayachimbua mpaka wajue kata ipi ina shida gani. Kikundi kitakachoshinda, maelezo yake yanapelekwa wilayani, yasaidie kupanga vyandarua vya mwaka huu viende wapi. Kikundi chake kimepewa kata yetu.

Basi ukumbi wenyewe ulikuwa shamba la mihogo lililofungwa mapazia. Sikushangaa. Wanafunzi wameshika majembe, wanachimba. Majibu yanatoka ardhini kama mihogo, yana udongo, yanapiga chafya. Wanayaosha kwenye beseni, wanayapanga mstari.

Jaji mkuu alikuwa mizani ya kliniki, ile ya kuning'inia yenye kaptula ya kumtia mtoto. Ndani ya kaptula amekaa binti yangu wa mwisho, Tatu, wa miaka mitatu, miguu inapepea. Nikauliza anafanya nini kule juu. Mizani ikanijibu kwa upole kwamba mashindano hayawezi kukosa kitu cha kupima.

Kisha ikasoma masharti. Jibu linalofanana na wenzake linapita. Jibu lililo peke yake ni kosa, linatupwa. Na neno litakaloshinda litakuwa kweli tangu kengele itakapolia.

Viti vya mbele, vya wageni waalikwa, wamekaa mbu. Wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, kila mmoja na kadi yake ya mwaliko. Hawana haraka. Mmoja akanisogezea kiti, akaniuliza kwa heshima nyumbani kwangu kuna vyumba vingapi.

Mwajabu anapiga jembe. Linatoka jibu nene, limevaa viatu. Linanitazama.

"Shikamoo mama," likasema.

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ni Ndiyo yako."

Nililijua pale pale. Ni la siku ile dada wa takwimu alipokuja na tableti yake, ameongozana na mjumbe wetu, Mzee Shemdoe. Aliniuliza kama mtoto alilala ndani ya chandarua usiku uliopita. Sasa chandarua cha Tatu nilikuwa nimewazungushia vifaranga nyuma ya nyumba, kwa sababu ya mwewe. Lakini mgeni umempa kigoda, mjumbe kasimama hapo, utaanzaje kujivua nguo? Nikasema ndiyo. Jirani yangu Mama Kilua, ambaye chake kimezungushwa kwenye mchicha, alisema ndiyo kwa sauti kunishinda. Mtaa mzima tukajisitiri, yule dada akashukuru, akaenda zake.

Mwajabu akaliuliza lile jibu kama watoto wa kata hii wanalala ndani ya chandarua.

"Wote, dada yangu," likasema. "Hata wageni wakija."

Akalipanga mstarini. Tatu alikuwa na kilo kumi na tatu. Mshale ukashuka, kumi na mbili. Ikachimbuliwa Ndiyo ya Mama Kilua, ikapita inacheka. Kumi na moja. Mbu wa kiti cha kwanza akaikunja kadi yake, akaitia mfukoni.

Nikamwita Mwajabu. Nikamwita tena. Hageuki.

"Mama, wewe ulishajibu," mizani ikaniambia. "Hapa yanasikika majibu. Watu hawasikiki."

Nikaishika Ndiyo yangu ukosi, nikaiambia turudi nyumbani. Ikaniuliza nyumbani kupi. Ikasema nilipoitoa mbele za watu haikuwa na hata kandambili, leo ina viatu na ina wenzake mia mbili na zaidi, na mtu mzima haachi kazi yake kwa sababu mamake ana wasiwasi.

Hapo shamba limekwisha, tumo kwenye korido ya zahanati. Wanafunzi bado wanachimba, sasa wanachimba sakafu. Kwenye mabenchi wamekaa majirani zangu wote na kadi za kliniki mkononi. Tatu ana kilo tisa. Amefumba macho, shingo imelegea kama ya kifaranga aliyenyeshewa.

"Hapana yangu iko wapi?" nikaiuliza mizani.

"Iko hapo hapo ulipoimeza."

Ni kweli, iko kooni, imekwama kama mwiba wa samaki. Nakohoa. Majirani wanageuka. Mzee Shemdoe anavua kofia, anaivaa, anaivua tena. Mama Kilua ananikanyaga mguu, ananinong'oneza kwamba mimi nikianza, wote tutaulizwa, nami najua mchicha wake ulivyo. Kilo saba. Nakohoa kwa nguvu zangu zote.

Likadondoka jibu dogo, jembamba, peku, limelowa.

"Mtoto halali ndani ya chandarua," likasema. "Chandarua kinalaza vifaranga saba."

Mwajabu akaliokota, akaligeuza geuza. Wenzake wakamwambia kaya ni mia mbili na kumi na nne, na hili liko peke yake, kwa hiyo ni kosa, atupe, muda umekwisha. Akainua mkono kulitupa. Mbu mmoja amekwisha shika nyundo ya kengele.

Nikafungua kinywa, na sauti yangu ikatokea kwa lile jibu.

"Mwaja, usinitupe. Mimi si kosa. Mimi ni mama yako."

Mkono wake ukasimama hewani. Akautazama ule mstari wa Ndiyo zenye viatu, halafu akatazama mabenchi.

"Na hawa wengine?" akauliza.

Mama Kilua alikuwa anasoma dari. Nyundo ikashuka.

Nikaamka. Jua limeshaingia dirishani. Nikampapasa Tatu pembeni yangu, nikamnyanyua, nikampima kwa mikono. Yule yule, mzito, anakoroma.

Simu ikaita. Alikuwa Mwajabu. Akaniamkia, akaniuliza habari za nyumbani, halafu akashusha sauti. Akasema jana jioni walimaliza jedwali la kata yetu, kaya mia mbili na kumi na nne, zote ndiyo. Wakalifunga, hakuna aliyeligusa. Asubuhi hii wamelifungua, kaya moja imekuwa hapana. Wamehesabu mara tatu. Kazi inatakiwa saa kumi.

"Wenzangu wanasema tuiondoe, kwa sababu iko peke yake," akasema.

"Msiiondoe," nikamwambia. "Nipe mpaka saa nane. Haitakuwa peke yake."

Nikajitanda khanga, nikambeba Tatu mgongoni, nikaenda kubisha hodi kwa Mama Kilua.